Zana maalumu zinapovuruga ripoti ya gharama: dalili, chanzo na dawa yake

Siku tatu kabla ya kupeleka ripoti ya gharama ya gari letu la mashindano ya wanafunzi, mwenzangu aliyekuwa akijumlisha upande wa bodi ya gari alinisogezea kompyuta yake na kunyoosha kidole kwenye mstari mmoja. Pua ya gari, kile kipande cha nyuzi za kaboni kinachofunika miguu ya dereva kwa mbele, ilikuwa imeizidi injini bei. Tulicheka, halafu kicheko kikakatika. Saa nzima ikapita ndipo tukagundua kwamba kalibu ya pua, dola 4,500, ilikuwa imeingizwa yote kwenye gari moja, kana kwamba kila gari likitoka kiwandani kalibu yake inatupwa jalalani.

Nimekaa misimu miwili kwenye kazi ya gharama katika timu ya Formula Student nchini Ujerumani, na karibu makosa yote ya zana niliyoyaona hayakuwa ya kujumlisha. Kujumlisha Excel inajua. Kosa hukaa kwenye swali ambalo mtu hakujiuliza kabla ya kuandika namba: zana hii inatoa vipande vingapi, kwa magari mangapi, mpaka ichakae?

Kwa aliye mgeni wa jambo hili, mashindano yalianza Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE, yakafika Uingereza 1998, na Ujerumani 2006 katika uwanja wa Hockenheim. Katika mpangilio wa Formula SAE pointi zote ni 1,000, na 100 kati ya hizo ni za gharama. Wanafunzi hujenga gari moja tu, lakini ripoti hulieleza kama bidhaa ya kiwanda kidogo, na dhana iliyozoeleka ni magari 1,000 kwa mwaka. Utata wote wa zana unazaliwa hapo. Gari unaligusa kwa mkono, kiwanda kiko kichwani.

Ninaposema zana maalumu nina maana ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kipande fulani na kisichofaa kwa kingine: kalibu ya kutandazia nyuzi, jigi ya kushikilia mabomba yanapochomelewa, dai ya kukatia bati kwa presi, modeli ya kusubia. Hesabu yake kwenye fomu zinazotumia majedwali ya bei ni hii: bei ya zana, mara idadi ya zana, gawanya kwa kigawanyo cha uzalishaji (safu iliyoandikwa PVF, ambayo kwa kawaida huwa 3000, sawa na magari ya miaka mitatu), kisha zidisha kwa mgao, yaani kiasi cha zana hiyo kinachobebwa na kipande hiki. Kalibu yetu ya dola 4,500 ukiigawanya kwa 3000 inaliachia kila gari dola 1.50. Injini ikarudi kwenye heshima yake.

Kabla hujashika dalili yoyote hapa chini, fungua sheria za mwaka huu za shindano unalokwenda. Kuna mashindano yanayokupa bei za zana kwenye jedwali, na hapo huna ruhusa ya kubishana na bei. Mengine yanakutaka ueleze gharama halisi na uithibitishe. Nimeona timu ikichukua faili la miaka mitano nyuma, la shindano jingine kabisa, ikabadilisha jina la gari na kuendelea. Dawa zilizomo humu hazitaiponya timu hiyo.

Kipande kimoja kina bei ya kutisha

Chanzo cha kwanza ni hicho cha pua yetu: kigawanyo kimesahaulika, au seli yake iko tupu na fomula imeandikwa kiujanja ili seli tupu isomwe kama 1. Panga safu ya zana kutoka kubwa hadi ndogo. Ukiona mstari unaozidi dola 20 kwa gari, usiamini mpaka umeufungua. Huenda ni sahihi, na nitakuja kwenye hilo, lakini mara nyingi ni kigawanyo kilichokimbia.

Chanzo cha pili ni idadi. Mtu ameandika 4 kwenye safu ya idadi ya zana kwa sababu gari lina matairi manne, ilhali jigi ni moja. Idadi ya zana ni idadi ya zana. Idadi ya vipande ina safu yake.

Jumla ya zana za gari zima ni sarafu chache, au inasoma 0.00

Hii ni hatari kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa bei ndogo haishtui mtu. Kila mmoja anafurahi.

Angalia kwanza koma na nukta. Excel iliyowekwa kwa Kijerumani inatumia koma kutenga desimali na nukta kutenga elfu, kinyume cha tulivyofundishwa shuleni nyumbani. Kwenye kompyuta ya mwenzangu niliandika 1.200, nayo ikaelewa elfu moja na mia mbili. Faili lile lile likasafirishwa kama maandishi matupu, likafunguliwa kwenye kompyuta yangu iliyowekwa kwa Kiingereza, na jigi ikawa dola moja na senti ishirini. Hakuna onyo lililotokea. Jigi tisa ziligeuka bei ya chupa za maji, na tulizigundua kwa sababu tu mmoja wetu alikumbuka kwamba ile kubwa ilikuwa na tarakimu nne. Kubalianeni siku ya kwanza mpangilio mmoja wa namba kwa kompyuta zote, na msinakili jedwali kupitia faili la maandishi.

Kama koma ziko sawa, tazama kukadiria, yaani kufupisha desimali. Zana ya dola 12 ikigawanywa kwa 3000 ni dola 0.004, na seli yenye desimali mbili itaonyesha 0.00. Thamani ipo, macho tu hayaioni. Lakini aliyeweka fomula ya kukadiria ndani ya seli yenyewe ameifuta kweli. Kadiria kwenye jumla ya mwisho, si njiani.

Zikipita hizo mbili, basi zana zenyewe hazipo kwenye orodha. Hapo soma sehemu ya jaji, mbele kidogo.

Jigi ile ile imehesabiwa mara mbili, au nusu mara

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo timu nyingi zinapotea, na yetu ilipotea kwa msimu mzima.

Chukua mikono ya saspensheni, ile inayounganisha gurudumu na chasisi. Gari la kawaida la mashindano haya lina minane: ya juu na ya chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kila mkono ni mabomba mawili yaliyokutana kwenye kichwa kimoja, yakachomelewa huku yameshikwa na jigi ili pembe isihame kwa joto. Tuseme jigi moja inagharimu dola 1,200, na mkono wa kushoto na wa kulia unachomelewa kwenye jigi ile ile, unaigeuza tu upande. Basi unahitaji jigi nne: mbele juu, mbele chini, nyuma juu, nyuma chini.

Hesabu iliyo sahihi kwa gari ni 4 × 1,200 ÷ 3000, yaani dola 1.60.

Sasa tazama kilichotokea kwetu. Kila mkono ulikuwa na ukurasa wake, kurasa nane. Aliyejaza alikuwa mwangalifu: kwenye kila ukurasa aliweka jigi ya dola 1,200, kigawanyo 3000, mgao 1. Senti 40 kwa kila mkono, mara nane, dola 3.20. Ukurasa mmoja mmoja ukiusoma hauna kasoro. Ukiipandisha jumla, gari limenunua jigi nane.

Mwingine akaja kurekebisha. Akasema jigi inatoa mikono miwili kwa kila gari, kwa hiyo vipande ni 6000, akabadilisha kigawanyo. Hilo peke yake lingetosha: senti 20 kwa mkono, mara nane, dola 1.60. Lakini usiku ule ule mtu wa tatu, bila kujua, akaweka mgao 0.5. Sasa kila mkono unabeba senti 10 na gari zima senti 80, nusu ya ukweli. Wote watatu walikuwa na hoja nzuri.

Dawa ni kuamua kigawanyo kinahesabu nini, kisha kutokigusa tena. Kwenye fomu za majedwali kinahesabu magari. Kiache 3000 mahali pote, na kila jambo la kushirikiana zana lipitie kwenye mgao tu: kushoto na kulia 0.5 kwa 0.5, jigi moja kwa mikono minne, 0.25 kila mmoja. Halafu fanya kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya. Ipe kila zana namba yake, J-01, J-02 na kuendelea, na kwenye karatasi ya pembeni jumlisha mgao wote wa kila namba katika gari zima. Lazima upate 1. Ukipata 2, umenunua mara mbili. Ukipata 0.5, kuna mkono wa kulia ambao haujalipa.

Kuna mtego mmoja wa ndani zaidi. Baadhi ya majedwali huzidisha ukurasa mzima wa kipande kwa idadi yake, zana zikiwemo. Kama mkono wa kushoto na wa kulia mmeuandika kama kipande kimoja chenye idadi 2, mgao unabaki 0.5 kwenye ukurasa, kwa sababu utazidishwa baadaye. Kwenye ile karatasi ya pembeni basi jumlisha mgao ukiwa tayari umezidishwa kwa idadi.

Jaji anauliza: "Hiki mlikishikaje?"

Jaji hapigi hesabu zako upya. Anazunguka gari akiwa na ripoti mkononi, anachagua kitu, anauliza kimetengenezwaje. Ukimwambia kimechomelewa, swali la pili ni nani alikishika. Mabomba ya chasisi hayasimami hewani yenyewe. Kama ripoti ina mita za uchomeleaji na haina jigi, umekamatwa, na pointi hukatwa.

Kukagua mapema, usianze na orodha ya zana. Anza na orodha ya michakato na ushuke nayo. Kila penye kuchomelea, uliza jigi. Kila penye kutandaza nyuzi, uliza kalibu. Kila penye kusubu, uliza modeli au dai. Gundi je, inayounganisha bomba la kaboni na kichwa cha alumini? Nayo inahitaji cha kulishikilia bomba mpaka gundi ikauke, na hiyo ndiyo niliyoiona ikisahaulika kuliko zote.

Kwa upande mwingine iko michakato isiyodai zana maalumu, na kuibambikia ni kujiumiza bure. Kukata bati kwa leza hakuhitaji dai. Kukunja bati kwenye presi yenye visu vya kawaida hakuhitaji. Kipande cha plastiki kilichochapwa kwa 3D hakina kalibu. Kukereza shafti kwenye mashine hakuhitaji zaidi ya taya za kawaida, ila kama kipande kina umbo la ajabu lisiloshikika, basi kile kishikizo ulichokichonga kwa ajili yake ni zana maalumu, kiandike.

Orodha imejaa spana na visu

Zitoe. Spana, drili, tapu, visu vya mashine ya CNC (ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), hata mashine yenyewe: hizo ni za karakana nzima, na gharama yake imeshamezwa na bei ya mchakato. Ukiziandika tena umelipa mara mbili.

Kwenye gharama halisi, namba ya kalibu haiaminiki

Kama shindano lako linakupa jedwali, ruka sehemu hii. Tumia bei waliyokupa. Kama linataka gharama halisi, hapa ndipo timu makini inapojitofautisha na iliyonakili.

Rudi kwenye pua. Dola 4,500 kugawanya 3000 ilitupa 1.50, na tulikuwa tunaipenda. Kisha jaji mmoja akatuuliza kwa upole kama kweli tunaamini kalibu moja ya faibaglasi itatoa pua 3,000. Haitatoa. Kalibu ya aina hiyo huchoka: uso unapoteza mng'ao, kingo zinameguka kipande kinapong'olewa, joto la oveni linaipinda kidogo kidogo. Makumi ya vipande, au mamia machache kwa aliyeitunza, ndiyo maisha yake.

Tuseme inatoa 150. Pua 3,000 zinataka kalibu 20. Harakaharaka mtu atazidisha 20 kwa 4,500, apate 90,000, agawanye kwa 3000, apate dola 30 kwa gari. Amekosea tena, upande wa pili. Ile 4,500 ilikuwa na vitu viwili ndani yake: modeli mama iliyochongwa kwa CNC, tuseme dola 2,700, na kalibu yenyewe iliyotandazwa juu ya modeli hiyo, dola 1,800. Modeli haifi kalibu inapokufa. Unaitoa stoo, unaisafisha, unatandaza kalibu nyingine. Kwa hiyo ni 2,700 kujumlisha 20 × 1,800, jumla 38,700, ambayo ukigawanya kwa 3000 ni dola 12.90.

Sasa mwendo wa kazi. Magari 1,000 kwa mwaka kwa siku 250 za kazi ni magari 4 kwa siku. Pua moja inatandazwa kwa saa tatu, inaingia oveni jioni, inapoa usiku, inatoka asubuhi. Maana yake kalibu moja inatoa pua moja kwa siku, na lazima kalibu 4 ziwepo sakafuni kwa wakati mmoja. Kwa kuwa tulishapata 20 kwa uchakavu, nne hizo zimo ndani. Lakini fikiria kalibu ya alumini ya dola 15,000 inayodumu vipande vyote 3,000. Kwa uchakavu unahitaji moja. Kwa mwendo wa kazi unahitaji 4. Utalipa 4: dola 60,000, yaani 20.00 kwa gari. Hesabu zote mbili zifanywe kila mara, na idadi ya zana ni ile iliyo kubwa kati yake. Mara nyingi watu hukumbuka uchakavu na kusahau kwamba rezini, ile gundi inayogandisha nyuzi, haina haraka.

Bei hizi nimezichukua kwa ajili ya mfano. Zako zitafute kwa fundi au muuzaji, na hati ya bei iambatanishwe, kwa sababu mlima wa namba usio na karatasi nyuma yake jaji anauangusha kwa swali moja.

Mmechagua zana ya gharama na bei haikushuka

Mfano wa bati la kushikilia breki. Kwa leza, tuseme kipande kinagharimu dola 2.10 na hakuna zana. Kwa dai na presi, kipande ni dola 0.35 lakini dai ni dola 6,000. Tofauti ni 1.75 kwa kipande, kwa hiyo dai inaanza kulipa baada ya vipande 3,429 hivi. Kama gari lina bati moja la aina hiyo, vipande ni 3,000 tu: dai inakuletea 2.00 juu ya 0.35, jumla 2.35, leza imeshinda. Kama gari lina manne yanayofanana, vipande ni 12,000, dai inabeba senti 50 tu kwa kila kimoja, jumla 0.85, na leza haina lake.

Ndiyo maana mtu wa gharama anatakiwa kukaa na mtu wa usanifu mwezi wa kwanza, si wiki ya mwisho. Mabati manne yanayotofautiana kwa milimita mbili ni dai nne. Yakifanywa sawa ni moja. Mara mbili nimeomba tundu lihamishwe kidogo ili kushoto na kulia vifanane, mara mbili nikaambiwa gharama si uhandisi, na mara moja tundu likahama kimyakimya wiki iliyofuata.

Ripoti inasema jigi ya chuma, picha inaonyesha mbao

Wengi wetu tulichomelea chasisi ya kwanza juu ya mbao za MDF zilizokatwa kwa leza, na hakuna aibu. Ripoti inaeleza uzalishaji, kwa hiyo jigi ya chuma ndani yake ni halali pale sheria zinapotaka gari la kiwandani. Tatizo huja pale maelezo yanapochanganya: picha za mbao, bei ya chuma, na mwanafunzi kwenye meza ya jaji anayesema "tulitumia hii". Chagua sentensi moja na wote mnaokwenda mezani muijue: gari hili la mfano tulilichomelea juu ya mbao, kwa uzalishaji tumekadiria jigi ya chuma, na bei yake ni hii. Kipande chenyewe lakini kibaki kile kilicho kwenye gari. Huwezi kuandika aplaiti (kile kipande kinachobeba kitovu cha gurudumu) ya kusubu ilhali iliyofungwa kwenye gurudumu imechongwa kutoka kwenye bonge la alumini. Alama za kisu zinaonekana kwa macho.

Gari limebadilika baada ya ripoti kwenda

Litabadilika. Mkono utavunjika kwenye majaribio, mtaongeza bati la kuimarisha, jigi ya zamani haitashika tena. Mashindano mengi yanaruhusu nyongeza ya marekebisho kabla au wakati wa tukio. Soma tarehe yake na umpe mtu mmoja jukumu la daftari la mabadiliko karakanani, daftari la karatasi, lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya kuchomelea. Letu lilikuwa na mistari kumi na saba, na minne kati yake ilikuwa ya zana ambazo hakuna mtu angezikumbuka tulipofika Hockenheim.